Kotabeki wa akiba akiingia: nani anapata, nani anapoteza katika fantasi ya NFL?

Tarehe 24 Desemba 2023, mjini Houston, Amari Cooper wa timu ya Cleveland Browns alidaka mipira 11, akapata yadi 265 na kufunga mara mbili. Katika historia ya Browns, hakuna mchezaji aliyekuwa amepata yadi nyingi hivyo kwa kudaka mipira katika mechi moja. Aliyemrushia mipira hiyo alikuwa Joe Flacco, mwenye umri wa miaka 38, ambaye katikati ya mwezi wa Novemba alikuwa bado nyumbani, bila timu.

Hiyo ilikuwa wiki ya 16 ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL. Ni wiki ambayo ligi nyingi za fantasi zinacheza nusu fainali. Mtu aliyemwacha Cooper kwenye benchi kwa sababu tu kotabeki ni wa akiba alipoteza pointi zaidi ya 49. Kwa wengi, pointi hizo zinatosha kuamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani.

Jambo hili linarudi kila msimu. Kotabeki mkubwa anaumia, mwingine asiyejulikana sana anavaa kofia na kuingia, na watu wanaanza kuwaacha wachezaji wote wa timu hiyo kwa haraka. Lakini mifano ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba kotabeki wa akiba hashushi thamani ya wote kwa kipimo kimoja. Anachobadilisha ni njia ya mpira: unakwenda mbali ao karibu, unakwenda kwa nani, na mara ngapi.

Fantasi inachezwaje?

Mpira wa Kimarekani unachezwa zaidi kwa mikono, watu 11 kila upande. Kotabeki ndiye anayeshika mpira mwanzoni mwa shambulio na kuamua auelekeze wapi. Wapokeaji wanakimbia mbele ili waudake. Mkimbiaji anaubeba na kupenya katikati ya wapinzani. Ndiyo kazi aliyoifanya Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, katika timu ya Carolina Panthers kuanzia mwaka wa 1996.

Fantasi ni mchezo uliojengwa juu ya mchezo huo. Wilfred Winkenbach, mmoja wa waliokuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, aliubuni pamoja na wenzake mwaka wa 1962. Watu kumi ao kumi na wawili wanaunda ligi yao. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, na kila wiki anahesabu pointi kufuatana na walichofanya uwanjani.

Hesabu inayotumiwa sana ni rahisi. Mpira uliodakwa ni pointi 1. Kila yadi 10 ni pointi 1. Tachidauni, yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 6. Kotabeki anapata pointi 1 kwa kila yadi 25 za mipira aliyorusha na pointi 4 kwa kila tachidauni aliyoirusha, lakini anakatwa pointi mpira wake ukinyakuliwa na wapinzani. Ligi nyingi za marafiki ao za wafanyakazi wa sehemu moja zinachanga dola, na mshindi anachukua kiasi kikubwa. Mkongomani aliyehamia Marekani anaweza kualikwa katika ligi ya namna hiyo kazini kwake kabla hajaelewa hata sheria za mchezo.

Cleveland: makotabeki watano katika msimu mmoja

Browns ya mwaka wa 2023 ni mfano mzuri, sababu timu ileile, ikiwa na kocha yuleyule, Kevin Stefanski, ilianza mechi zake 17 kwa kutumia makotabeki watano. Deshaun Watson, mwenye mkataba wa dola milioni 230 zilizohakikishwa zote, alianza mechi sita tu. Baada ya ushindi wa tarehe 12 Novemba dhidi ya Baltimore Ravens, ilitangazwa kwamba mfupa wa bega lake umevunjika na msimu wake umekwisha. Mkimbiaji mkuu wa timu, Nick Chubb, alikuwa ameumia goti vibaya tangu Septemba.

Kijana Dorian Thompson-Robinson alianza mechi tatu na P.J. Walker mbili. Katika mechi yake ya kwanza, tarehe 1 Oktoba, Thompson-Robinson alirusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani na Browns ikapigwa 28-3. Mpokeaji mzuri kama Cooper hawezi kutoa pointi ikiwa mpira haumfikii. Katika siku za namna hiyo, aliyewaacha wachezaji wa Browns kwenye benchi hakukosea.

Kisha akaja Flacco. Huyu hakuwa mtoto wa jana: alikuwa ameshinda Super Bowl na Ravens mwezi wa Februari 2013 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Miguu yake ilikuwa mizito, lakini mkono ulikuwa bado na nguvu na hakuogopa kurusha mbali. Katika mechi tano alirusha yadi 1.616 na tachidauni 13. Mechi nne za mwisho kati ya hizo, zote alipita yadi 300, na zote Browns ilishinda.

Aliyefaidika hakuwa Cooper peke yake. David Njoku, mpokeaji mwenye mwili mkubwa anayeanza karibu na safu ya mbele, alifunga mara mbili dhidi ya Jacksonville Jaguars. Wiki iliyofuata alidaka mipira 10 na kupata yadi 104 dhidi ya Chicago Bears. Kwa mtu wa fantasi, Browns ya Desemba ilikuwa kama timu nyingine kabisa, ingawa nguo zilikuwa zilezile.

New York: mpira mfupi nao unalipa

Msimu huohuo, New York Jets ilipata msiba wake mapema zaidi. Tarehe 11 Septemba 2023, Aaron Rodgers alikatika mshipa wa kisigino katika shambulio lake la nne tu akiwa na timu hiyo. Mahali pake paliingia Zach Wilson, na baadaye Tim Boyle na Trevor Siemian.

Mpokeaji mkuu wa Jets, Garrett Wilson, alimaliza msimu akiwa amedaka mipira 95 na kupata yadi 1.042. Hesabu hiyo si mbaya. Lakini alifunga mara tatu tu katika msimu mzima. Mipira ilimfikia, ila timu haikuwa inafika karibu na mstari wa mwisho mara nyingi. Aliyemchagua mapema akitegemea mkono wa Rodgers alipata mchezaji wa kazi, hakupata mchezaji wa kushindisha ligi.

Aliyefaidika alikuwa mkimbiaji, Breece Hall. Alidaka mipira 76 msimu huo, idadi kubwa kwa mkimbiaji. Sababu yake si siri. Kotabeki asiye na uhakika, ambaye wapinzani wanamfikia haraka, anatafuta mtu wa karibu. Mtu huyo mara nyingi ni mkimbiaji anayesimama pembeni yake. Tarehe ileile ya 24 Desemba, Cooper akiwa anavunja rekodi mjini Houston, Hall alidaka mipira 12 kutoka kwa Siemian dhidi ya Washington, akafikisha yadi 191 kwa kukimbia na kudaka, na kufunga mara mbili. Hizo ni pointi 43.

Siku moja, makotabeki wawili wa akiba: mmoja alimtajirisha mpokeaji wa mbali, mwingine alimtajirisha mkimbiaji wa karibu. Aliyesema tu "akiba ni akiba" alikosa yote mawili.

Mtu mmoja, sura mbili

Hata kotabeki wa akiba mmoja anaweza kuleta matokeo tofauti. Mwezi wa Novemba 2023, Joe Burrow wa Cincinnati Bengals aliumia kifundo cha mkono. Jake Browning, aliyekuwa na timu hiyo tangu 2021 na kuujua mfumo wake, alichukua nafasi. Tarehe 4 Desemba mjini Jacksonville, alifikisha mipira 32 kati ya 37 na kupata yadi 354. Mpokeaji Ja'Marr Chase alidaka 11 na kupata yadi 149. Waliovumilia na Chase walicheka.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2025, Burrow aliumia kidole cha mguu, na Browning akaitwa tena. Safari hii mipira mingi ilinyakuliwa. Bengals ilipigwa 48-10 na Minnesota Vikings, kisha 28-3 na Denver Broncos. Chase alikuwa yuleyule, kocha yuleyule, lakini pointi zilipungua. Waliokumbuka 2023 peke yake walidanganyika.

Tarehe 7 Oktoba 2025, Bengals ilimleta kotabeki mwingine: Joe Flacco, sasa akiwa na miaka 40. Siku tisa baadaye, dhidi ya Pittsburgh Steelers, Chase alidaka mipira 16 na Bengals ikashinda 33-31.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuuza ao kununua

Katika ligi nyingi za fantasi, wachezaji wasio na mwenyewe wanagawiwa usiku wa kuamkia Jumatano. Kotabeki akiumia Jumapili, mtu ana siku mbili tu za kufikiri. Maswali manne yanaweza kumsaidia.

La kwanza: kotabeki mpya anarusha mbali ao karibu? Wa mbali, kama Flacco, anawainua wapokeaji wanaokimbia mbele sana. Wa karibu anamwinua mkimbiaji anayejua kudaka, pamoja na wapokeaji wa katikati.

La pili: amefanya mazoezi na nani? Katikati ya wiki, kotabeki mkuu ndiye anayefanya sehemu kubwa ya mazoezi na wapokeaji wakubwa. Wa akiba anafanya na wenzake wa akiba. Akiingia ghafla katikati ya mechi, mara nyingi anawarushia anaowazoea. Akipewa wiki nzima ya kujitayarisha kama mkuu, mambo yanaweza kubadilika. Ndiyo maana mechi moja haitoshi kuhukumu.

La tatu: safu ya mbele inamlinda? Flacco, ambaye hakimbii, hangeweza kungoja wapokeaji wake wafike mbali kama angekuwa anaangushwa kila mara. Timu ambayo safu yake imevunjika haiokolewi na mkono wenye nguvu.

La nne: timu inalazimika kurusha? Timu inayoongoza inakimbiza mpira ili saa iishe. Inayofuata nyuma inarusha, na kila mpira unaodakwa ni pointi, hata timu ikipoteza mechi. Kwa sababu hiyo, mchezaji wa timu dhaifu anaweza kuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani.

Kuna pia upande wa wapinzani. Katika fantasi mtu anachagua ulinzi wa timu nzima, na ulinzi unapata pointi ukinyakua mipira. Hata Flacco wa Desemba 2023 alinyakuliwa mara 8 katika mechi tano, tatu kati ya hizo dhidi ya Bears. Mtu anayehitaji ulinzi wa wiki moja mara nyingi anatafuta kwanza timu inayocheza na kotabeki wa akiba.

Faida isiyo na uhakika wa kesho

Waliofika fainali kwa sababu ya Cooper walikutana na habari mbaya. Siku nne baada ya rekodi yake, tarehe 28 Desemba, Browns ilicheza na Jets, na Cooper hakuingia uwanjani sababu ya maumivu ya kisigino. Flacco alirusha tena yadi 309 na tachidauni tatu, Browns ikashinda 37-20 na kupata nafasi ya kuendelea na hatua ya mtoano. Lakini mipira ilikwenda kwa wengine, na Njoku peke yake alipata yadi 134. Aliyekuwa na Cooper bila Njoku alitazama tu.

Tarehe 13 Januari 2024, Browns ilirudi Houston kwa mtoano. Ikapigwa 45-14. Mipira miwili ya Flacco ilinyakuliwa na kurudishwa moja kwa moja hadi kufungwa. Hata hivyo alipewa tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa nguvu zaidi msimu huo, na mwaka wa 2024 akaenda Indianapolis Colts, tena kama mtu wa akiba.

Hapo ndipo hesabu ya fantasi inakutana na maisha ya wachezaji wenyewe. Watson alilipwa hata akiwa na bega lililovunjika, sababu mkataba wake ulihakikishwa. Wa akiba anaishi kwa mechi inayofuata: akirusha vizuri wiki tano anapata timu nyingine, akirusha vibaya wiki tatu anarudishwa benchi, kama ilivyomfikia Browning. Anayecheza fantasi anaweza kumtumia mtu wa namna hiyo kwa wiki mbili ao tatu na kushinda. Akimjengea msimu mzima, ao akiweka dola za kodi ya nyumba juu ya mkono wake, anajitafutia shida.