Binti wa Seyyid na Mjane wa Mataka

Tukitaja mapenzi ya wafalme, wengi wetu mawazo hukimbilia Uingereza. Nani asiyejua habari za Mfalme Edward wa Nane, aliyekiacha kiti mwaka 1936 ili amuoe mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuolewa mara mbili? Vitabu vya kisa hicho vimejaa madukani. Sisemi visisomwe. Lakini huona ajabu mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu kuijua nasaba ya Windsor kuliko ya ukoo uliotawala pwani hii hii yetu, tena ukoo ambao binti wake mmoja aliketi akaandika kitabu kwa mkono wake mwenyewe.

Binti huyo ni Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake ni Seyyid Said bin Sultan, na mamake Jilfidan, suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani, na miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiingereza. Mimi nilikisoma kwa hicho Kiingereza, nakala chakavu niliyoazimwa na rafiki, na nakiri sikulala mpaka nilipofika ukurasa wa mwisho.

Anayekifungua kwa kutafuta mahaba atavunjika moyo. Jinsi alivyojuana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, imeelezwa kwa maneno machache mno: nyumba zao zilipakana, na juu ya dari yake binti aliweza kuona karamu za jirani huyo kule chini. Basi. Kwamba alipoondoka Unguja mwaka 1866 katika manowari ya Waingereza alikuwa tayari mja mzito, hilo kitabuni halimo. Haya ya mwanamke wa Kipwani haikumtoka hata baada ya miaka ishirini ya Ulaya.

Yaliyomo kwa wingi ni ya nyumbani. Mna Ramadhani na Idi mbili, mna uzazi na malezi, mna mavazi, arusi na mazishi. Twasikia lugha zilizochanganyika Mtoni, Kiarabu mbele ya Seyyid, na nyuma yake Kiswahili, Kituruki, Kiajemi, Kihabeshi na nyinginezo. Twaambiwa pia jinsi yeye mwenyewe alivyojifunza kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma Msahafu, lakini kalamu haikuwa yao. Salme akajifunza kwa siri, akinakili maandishi ya Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, msichana huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa karani wa waasi, kwa kuwa yeye aliweza kuandika barua. Fitina ile iliugawa ukoo, dada na dada wakawa hawatazamani. Mimi naona kurasa hizo ndizo zenye uchungu mkubwa kuliko zote, kupita hata za kuondoka kwake.

Na ndoa? Ndoa zimo, tena za babake. Mke mkuu alikuwa Azze binti Seif, wa ukoo wa kifalme wa Omani. Alikuwa mfupi wa kimo na hakujaaliwa mtoto, lakini nyumba nzima ilimwogopa, na Seyyid mwenyewe hakufanya mengi bila ya shauri lake. Kisha akaja binti wa kifalme wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, mwenye uzuri, almasi na farasi. Alitoka kuwinda akiwa amepanda farasi pamoja na Waajemi wake, mambo ambayo Unguja haikuyazoea. Ndoa haikudumu. Akapewa talaka, akarejea kwao. Hamamu za Kidichi zilizojengwa kwa ajili yake bado zimesimama, na watalii hupelekwa kuziona.

Kuna posa moja ambayo wanahistoria wameiandika na ambayo hunichekesha. Mwaka 1833 Seyyid alimposa Malkia Ranavalona wa Madagascar, na katika posa hiyo hiyo akaomba askari. Malkia akajibu kwamba mila yao haimruhusu kuolewa, ila akitaka yuko binti mwingine wa kifalme, mdogo. Kwa wakubwa posa na siasa ni pacha.

Nilipomweleza shangazi yangu, mzaliwa wa Kibokoni, kitabu ninachosoma, aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

“Huyo si yule aliyetoroka na Mdachi?”

“Ndiye, shangazi.”

“Na dini akaiacha?”

“Akaiacha. Alibatizwa Aden mwaka 1867, akafunga ndoa siku hiyo hiyo.”

“Basi wamsomea nini, mwanangu? Si bora ukasome utendi wa Mwana Kupona?”

Swali lake ni la haki, na ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Maana utendi huo nilikuwa nao pia, na nilipovitazama vitabu hivi viwili pamoja niliona jambo ambalo sikupata kulisikia likisemwa.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate mapema katika karne ya kumi na tisa. Aliolewa na Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, yule yule aliyekataa kuinama kwa Seyyid Said, na ambaye watu wake walizivunja jeshi za Unguja miaka ya 1840. Kwa hiyo mume wa mwandishi mmoja alikuwa adui wa baba wa mwandishi wa pili. Tena wanahistoria huandika kwamba wanaume hao wawili walikufa mwaka mmoja, 1856, Seyyid akiwa baharini safarini kutoka Omani, na Mataka kwao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, mjane wa Mataka, mgonjwa kitandani, akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Mwana Hashima alizaliwa 1841. Salme 1844. Walikuwa marika, mayatima wa mwaka mmoja, pwani moja, dini moja, kila mmoja binti wa mtawala. Mmoja aliachiwa na mamake beti mia na mbili za kumwongoza katika ndoa. Mama wa mwenzake alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, akamwacha peke yake katikati ya vita vya ndugu.

Sidai kwamba kama Jilfidan angeandika utendi, Salme hangeondoka. Hayo anayajua Mola. Nasema tu kwamba tunapowapima wawili hawa, tuwapime tukijua nani alikuwa na mama na nani hakuwa naye.

Utendi wenyewe nao tumeufanyia dhuluma. Tumeugeuza fimbo ya kuwachapia wake. Arusini utasikia bwana fulani akitaja Mwana Kupona, na anachotaka kusema ni kwamba mke anyamaze. Hebu asome utendi wote. Mna dini kwanza, mna adabu na ulimi mzuri, mna usafi wa nyumba na mapambo ya mwili, na sehemu kubwa ya mwisho ni dua ya mgonjwa akijiombea na kuwaombea wanawe na nduguze. Hata pale penye utiifu, anasema mume alelewe kama mtoto asiyejua bado kusema. Wanawake hulifahamu fumbo hilo upesi na kucheka, na wapo wataalamu walioandika kwamba mna kejeli ndani yake. Mimi sifiki huko. Naona mapenzi ya mama anayejua kwamba hatakuwapo. Anataja wazi kwamba mumewe alimfia akiwa radhi naye. Mjane aliyeyaona mabomu ya Siyu hakuwa kiumbe dhaifu.

Salme, kwa upande wake, aliyeiacha dini, katika kitabu chake ameitetea ndoa ya Kiislamu mbele ya Wazungu kwa ukali ambao sikuutazamia. Wanawaona wake wa Mashariki kuwa watumwa, anasema, lakini mke huyo mali yake ni yake, mume hana mkono ndani yake, na akidhulumiwa ana jamaa na kadhi wa kumwendea. Wake wa Ulaya wa siku zile hawakuwa na hata nusu ya hayo. Maneno hayo yameandikwa na mtu aliyeziona ndoa za pande zote mbili, na kwa hiyo yana uzito. Nilimsomea shangazi sehemu hiyo kwa Kiswahili changu cha kutafsiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe moyo ulibaki.”

Ndoa yake haikufika mbali. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa Aden alikufa kabla ya kufika Hamburg. Wakapata wengine watatu. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, ndoa ina miaka mitatu tu, na mjane akabaki katika baridi na lugha ngeni. Barghash alipokwenda London mwaka 1875 alimfuata, lakini Waingereza wakamzuia asimwone, wakimwahidi msaada kwa wanawe, ahadi ambayo hawakuitimiza. Mwaka 1885 Bismarck alimtia katika safari ya manowari za Kijerumani hadi Unguja, kama karata ya kumtishia Barghash. Barghash hakumpokea. Urithi alioudai hakuupata. Na sharia iko wazi kwamba aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. Kuhusu hilo sina ubishi na Barghash. Lakini kumnyima dada hata salamu, dada aliyemwandikia barua zake za uasi usiku kucha akiwa na miaka kumi na mitano? Hapo ni vigumu kumtetea. Aliporudi tena mwaka 1888, Barghash amekwisha kufa na Khalifa ndiye Sultani, mlango ulikuwa umefungwa vile vile.

Shangazi sasa ameniazima nakala yake ya utendi, ya herufi za Kiarabu, iliyoandikwa kwa mkono, na mimi ninamsomea kitabu cha Salme jioni baada ya sala ya Ishaa. Tumefika sura ya Idi. Yeye hunisahihisha majina ya mavazi.

Salme alikufa Jena, Ujerumani, mwezi wa Februari 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, ukazikwa pamoja naye Hamburg. Mwana Hashima alikuwa hai bado, bibi kizee wa Lamu, na aliishi miaka mingine tisa.