Bari: Mapumziko ya Mwili na Hija ya Umoja

Kristo Yesu aliwaalika Mitume wake, waliporejea kutoka katika utume, wapumzike kidogo mahali pa faragha. Ndiyo maana Mama Kanisa huyatazama mapumziko kuwa ni zawadi ya Mungu. Tunapolitafakari hilo, tunautazama mji wa Bari, makao makuu ya Mkoa wa Puglia, kusini mwa Italia, kando ya Bahari ya Adriatiki.

Mgeni anayeutembelea mji mkongwe hupita vichochoro vyembamba, ambako akina mama huketi mlangoni wakitengeneza kwa mikono tambi ndogo zenye umbo la sikio. Si mbali na hapo, karibu na bahari, imesimama Basilika ya Mtakatifu Nikola. Masalia ya Askofu huyo wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, yaliletwa na mabaharia wa Bari mwaka 1087. Mwaka 1089, Papa Urbano II aliyaweka chini ya altare ya kanisa la chini.

Tuukiri ukweli: mabaharia wale hawakupewa masalia hayo, waliyachukua. Hayo yalitokea miaka 33 tu baada ya mwaka 1054, unaokumbukwa kwa utengano wa Kanisa la Mashariki na la Magharibi. Lakini kwa neema ya Mungu, kilichoweza kubaki jeraha kimegeuka kuwa daraja. Leo Wakatoliki na Waorthodoksi husali mbele ya kaburi lilelile. Tarehe 7 Julai 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alikutana mjini humo na viongozi wa Makanisa ya Mashariki, wakasali pamoja kuombea amani ya Mashariki ya Kati.

Kaskazini mwa mkoa huo, katika rasi ya Gargano yenye fukwe nzuri, waamini huhiji pia kwenye pango la Malaika Mkuu Mikaeli na kwenye kaburi la Mtakatifu Padre Pio, huko San Giovanni Rotondo.

Ndugu waamini, si sote tutakaofika Puglia. Hata hivyo, popote tuendapo likizo, tuingie kanisani kama wanaosali, si kama watazamaji tu. Na tukimkuta ndugu Mkristo wa madhehebu mengine, tumsalimu na kumwombea. Hapo mapumziko yetu yatakuwa hija ya kweli.