Sheria ilivyomnasa mwizi wa bunduki ya kale baada ya miaka 50

MALI ya urithi ikiibwa, wengi huamini kwamba miaka ikipita kesi nayo hufa. Kisa cha bunduki moja nchini Marekani chaonyesha kuwa imani hiyo ni kweli nusu tu.

Bunduki hiyo iliundwa 1775 na fundi Christian Oerter wa Pennsylvania, aliyechonga juu yake jina lake na mwaka. Oktoba 1971 iliibwa katika bustani ya kihistoria ya Valley Forge. Haikuonekana tena hadi 2018, mzee mmoja alipomuuzia mfanyabiashara wa vitu vya kale kwa dola 4,000. Mnunuzi alidhani ni ya kuigiza. Alipong'amua ukweli, aliisalimisha. Thamani yake ilikadiriwa kuwa yapata dola 175,000.

Muda wa kumshtaki mzee huyo kwa wizi ulikuwa umepita kitambo. Hata hivyo, sheria ya 1994 inayolinda turathi za makavazi humwadhibu pia anayeuza kitu akijua kiliibwa humo. Kwa hivyo, mauzo ya 2018 yalikuwa kosa jipya. Mwaka wa 2021, akiwa na umri wa miaka 78, alikiri. Alihukumiwa siku moja gerezani, mwaka mmoja wa kuzuiliwa nyumbani na faini ya dola 25,000.

Sheria hiyo lakini hailindi kabati la nyumbani. Familia iliyoibiwa bunduki ya babu hutegemea sheria za kawaida, pamoja na kanuni kwamba mwizi hawezi kumpa mnunuzi haki asiyokuwa nayo mwenyewe. Hata aliyenunua kwa nia njema anaweza kupokonywa.

Kikwazo ni ushahidi. Marekani ilianza kulazimisha kila bunduki mpya iwe na nambari mwaka wa 1968. Magobore mengi ya kale hayana nambari yoyote, na polisi hawana cha kutafuta ila maelezo ya mwenyewe. Ile ya Oerter ilitambulika kwa maandishi ya fundi.

Ndiyo maana mwenye urithi kama huo hushauriwa kupiga picha za maandishi, nakshi na nyufa za mti wake, kuandika vipimo, na kupiga ripoti mara tu unapotoweka. Picha hizo nazo zihifadhiwe mbali na bunduki yenyewe, zisije zikaibwa pamoja.