Mchezo Ulioletwa na Mgeni

Kila mwanafunzi wa shule hii ajua ya kuwa kabumbu tuichezayo jioni haikuzaliwa huku kwetu. Waingereza walikuja nayo, pamoja na ubao na kengele ya darasani, nasi tumeizoea hata twaiona kuwa yetu. Wako wazazi wasemao ati mchezo ni jasho na fulana chafu tu, na saa zitumiwazo kiwanjani zingefaa zaidi kutumiwa katika hesabu. Sitaki kushindana nao. Nataka kueleza habari za watu wa nchi tatu waliokutana na mchezo wa mgeni, kila mmoja akaupokea kwa namna yake. Msomaji ataona kwamba jambo waliloligombania lilikuwa kubwa kuliko mpira.

Tuanze na Ireland. Mwaka 1884, nchi hiyo ilipokuwa bado chini ya Uingereza, watu wachache walikutana katika mji wa Thurles, na mmoja wao alikuwa mwalimu, jina lake Michael Cusack. Waliona kuwa vijana wanaiacha michezo ya mababu na kushika ya Kiingereza. Basi wakaunda chama cha kuilinda michezo ya Kigaeli, na hasa ule uitwao harling, ambao huchezwa na watu 15 kila upande, kwa magongo ya mti yaliyo bapa mwishoni, na mpira mdogo uendao kasi kama jiwe la kombeo. Wachezaji wake hawalipwi mshahara hata leo. Mwalimu au mkulima aweza kucheza Jumapili mbele ya watu 80,000, na Jumatatu akarudi kazini kwake.

Chama hicho kilikuja kuweka sharti kali: mwanachama achezaye mchezo wa Kiingereza, au aendaye kuutazama tu, atolewe. Sharti halikumwogopa mkubwa. Mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, mtu aliyetumia maisha yake kuitetea lugha ya Kiayalandi, alikwenda kutazama kabumbu baina ya Ireland na Poland, na chama kikamvua cheo chake cha mlezi. Kwa maoni yangu hapo walipita kiasi. Lakini hatuwezi kuwaelewa tusipojua habari ya tarehe 21 Novemba 1920. Nchi ilikuwa katika vita vya kupigania uhuru. Asubuhi ya siku hiyo wapigania uhuru waliwaua maofisa wa upelelezi wa Kiingereza mjini Dublin. Alasiri askari wa serikali waliingia katika uwanja wa Croke Park, watu wakiwa wanatazama mechi ya Dublin na Tipperary, wakapiga risasi. Walikufa watu 14, na mmoja wao alikuwa mchezaji, Michael Hogan. Jukwaa moja la uwanja huo laitwa kwa jina lake mpaka sasa.

Lile sharti lilifutwa mwaka 1971. Mwezi wa Februari 2007 timu ya raga ya Uingereza ilikuja kucheza papo hapo Croke Park, kwa kuwa uwanja wa raga ulikuwa ukijengwa upya. Wengi walihofu kwamba wimbo wa taifa wa Waingereza utazomewa. Watu walisimama kimya mpaka wimbo ukaisha. Kisha Ireland wakashinda kwa pointi 43 kwa 13.

Watu wa visiwa vya West Indies hawakuukataa mchezo wa mgeni. Wao waliushika. Wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wengine ni wajukuu wa Wahindi waliochukuliwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mabwana wa mashamba na askari wa Kiingereza ndio walioleta kriketi. Mtu mweusi alianza kwa kuwaokotea na kuwarushia mpira walipokuwa wakijizoeza, na katika kurusha huko akaujua mchezo barabara.

Lakini alipoujua hakukaribishwa mezani. Mwandishi C.L.R. James, mzaliwa wa Trinidad, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1963, Beyond a Boundary, jinsi vilabu vya kisiwa hicho vilivyogawanyika kwa rangi. Queen's Park ilikuwa ya weupe na matajiri. Maple ilikuwa ya machotara wenye kazi nzuri. Weusi waliosoma kidogo, kama walimu na makarani, walikuwa na Shannon, na vibarua walikuwa na Stingo. James mwenyewe alikuwa mweusi, lakini kwa ajili ya elimu yake aliitwa Maple, akaenda, na baadaye akajuta. Hapana mtu aliyeandika sheria hizo mahali popote. Kila mtu alizijua.

Sasa yafaa tueleze kazi ya nahodha wa kriketi, maana ndipo ugomvi ulipokuwa. Katika kabumbu nahodha huchagua goli, kisha hucheza kama wenzake. Katika kriketi yeye ndiye aamuaye nani arushe mpira na lini apumzishwe, kila mtu asimame wapi, na wakati gani timu iache kupiga ili wapinzani wapige. Mechi kubwa yaweza kuchukua siku tano, naye siku zote tano huwaza kama jemadari. Timu ya West Indies ilianza kucheza mechi za kimataifa mwaka 1928. Wapigaji na warushaji wake waliovuma walikuwa weusi, lakini waliopewa uongozi walikuwa weupe, hata wengine wasiofaa kuwamo katika timu. George Headley, mpigaji aliyesifiwa ulimwenguni kote, aliongoza mechi moja tu, mwaka 1948. Ilisemwa kwamba mweusi aweza kupiga na kurusha, ila kuongoza bado. Hoja hiyo wazee wetu hapa Afrika ya Mashariki waliisikia pia, ikihusu serikali.

Mwaka 1960 James, aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Nation huko Trinidad, aliandika toleo baada ya toleo akitaka Frank Worrell wa Barbados awe nahodha. Worrell alikwisha kuchezea timu hiyo miaka 12. Mwishowe akateuliwa, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza safari nzima, nayo ilikuwa ya kwenda Australia.

Mechi ya kwanza ilichezwa Brisbane mwezi wa Desemba. Siku ya mwisho, zamu ya mwisho ya kurusha, Australia walihitaji mikimbio sita tu, na mrushaji alikuwa Wes Hall, kijana mrefu mwenye nguvu nyingi. Wapigaji wa Australia walitolewa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa akikimbia kutafuta mkimbio wa ushindi, lakini Joe Solomon aliuokota mpira akiwa pembeni, pembe ambayo alikiona kijiti kimoja tu, akautupa ukakipiga. Walipojumlisha hesabu, West Indies walikuwa na 453 na 284, Australia 505 na 232. (Wazazi wapendao hesabu na wajumlishe.) Mechi kubwa ya kimataifa ilikuwa haijapata kwisha sare namna hiyo.

Worrell alirudi ameshindwa mechi mbili kwa moja. Hata hivyo watu wa Melbourne walijaa njiani kuiaga timu yake kama waagavyo wafalme, na kikombe kilichotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya nchi hizo kikaitwa kwa jina lake. Ile hoja kwamba mweusi hawezi kuongoza haikurudi tena. Jambo la ajabu ni kwamba Shirikisho la West Indies, lililoundwa mwaka 1958 ili visiwa viwe nchi moja, lilivunjika mwaka 1962. Jamaica na Trinidad wakapata uhuru wao mbalimbali mwaka huo, Barbados na Guyana mwaka 1966. Bendera zikawa nyingi. Timu ya kriketi ikabaki moja, na iko hivyo mpaka leo.

Nchi ya tatu ni Japani, nayo habari yake yatuhusu sisi wanafunzi zaidi, kwa sababu huko mchezo wa mgeni uliingia kwa mlango wa shule. Mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliwafundisha vijana wa Tokyo besiboli mwaka 1872. Wazungu wa Yokohama walikuwa na kilabu chao, na kwa miaka kadhaa walikataa kucheza na wanafunzi wa Kijapani. Walipokubali, mwaka 1896, walifungwa 29 kwa 4.

Wajapani waliendelea kuucheza mchezo ule ule wa Kimarekani, lakini wakauvika adabu zao. Kila mwezi wa Agosti shule za sekondari za nchi nzima hushindana katika uwanja wa Koshien. Mashindano hayo yalianza mwaka 1915. Timu ikishindwa mara moja hutoka. Kabla ya mechi na baada yake wachezaji hupanga mistari miwili na kuinamiana. Mechi ikiisha, timu zote mbili husimama na wimbo wa shule iliyoshinda huimbwa, kisha walioshindwa hupiga magoti na kuzoa mchanga wa uwanja kwa mikono, wakautia mfukoni kwenda nao nyumbani.

Mwaka 1958 ilikwenda huko shule ya Shuri kutoka kisiwa cha Okinawa, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Marekani, na hakikurudi kwa Japani mpaka mwaka 1972. Vijana wa Shuri walishindwa mechi yao ya kwanza. Wakazoa mchanga kama wenzao. Lakini walipofika bandarini Naha, maofisa waliutazama mchanga ule, wakasema sheria ya kuzuia magonjwa ya mimea hairuhusu udongo wa nchi ya kigeni kuingia, wakaumwaga baharini. Wasichana watumishi wa ndege walisikia habari hizo, wakaokota mawe madogo ya Koshien, wakawapelekea wale vijana. Jiwe si udongo, na sheria haikuwa na neno juu yake. Mawe hayo yamewekwa katika mnara wa ukumbusho katika shule ya Shuri.