Mbalamwezi na Usingizi wa Mvuvi

Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi wa dagaa hupungua Ziwa Victoria. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikishatanda juu ya maji yote, taa ya mvuvi inakosa nguvu ya kuwakusanya. Mitumbwi hupumzika mialoni, Kayenze, Igombe na visiwani Ukerewe, na watu waliozoea kukesha hurudi kulala majumbani mwao. Kitanda kipo, uchovu upo, usingizi haupo.

Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kundi dogo la seli linaloongoza saa ya mwili. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo. Mwanga ndio unaoirekebisha, hasa ule wa bluu, nao umejaa katika taa nyeupe za LED zilizochukua nafasi ya karabai. Aliyekesha mbele ya taa hizo amezuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Na saa ikishahama hairudi kwa usiku mmoja. Husogea takribani saa moja tu kwa siku. Kwa hiyo mvuvi huyo asijilazimishe kulala mapema. Aamke saa ileile kila siku, atoke kwenye jua la asubuhi, na simu aiweke mbali usiku. Akigaagaa kama dakika 20 bila kupata usingizi, ni heri ainuke, akae penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Kahawa aiache tangu mchana: saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini, na robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Lakini si kila anayekesha ameharibiwa na taa. Inaniuma kuona mtu akiambiwa “punguza mawazo” kabla hajapimwa hata damu. Kuna wanaosumbuliwa na miguu: wakilala tu, inawatambaatambaa, haitulii mpaka wainuke watembee. Hali hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na hapa ziwani chuma kina njia nyingi za kupotea. Ujauzito hukimaliza. Minyoo ya safura hunyonya damu. Kichocho cha tumbo, kinachoenezwa na konokono wa majini, kinaweza kumfanya mtu apoteze damu kidogokidogo kupitia haja kubwa. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na chuma kinaweza kurudishwa.

Anayeamka mara kwa mara kwenda kukojoa apimwe sukari. Kiungulia kinachopanda mtu akilala, pumu, na tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi navyo hukatiza usingizi.

Dawa nazo ziangaliwe. Za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo zikimezwa jioni humwamsha mgonjwa usiku. Dolutegravir, iliyomo katika dawa nyingi za VVU za sasa, huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Anayeitumia asiiache hata siku moja. Aulize kliniki yake kama anaweza kuhamishia kidonge asubuhi. Mara nyingi inawezekana.

Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu visinunuliwe kiholela, kwa kuwa mwili huvizoea upesi. Usingizi ukikatika angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, hilo ni tatizo sugu, na mgonjwa ana haki ya kuchunguzwa ipasavyo hospitalini, damu ikiwa ya kwanza kupimwa.