Bei ya Yai Hupangwa na Nani?

Ndani ya wilaya moja ya Kilosa, trei ya mayai 30 inaweza kuuzwa kwa bei moja Kilosa mjini na kwa bei nyingine Mikumi. Wapo wanaosema tofauti hiyo ni dhulma, na kwamba serikali ingepanga bei. Je, sheria ya Kiislamu inasemaje?

Kwanza tuangalie bei inavyotokea. Kuku hatagi zaidi ya yai moja kwa siku, na siku asiyotaga bado anakula. Hivyo gharama kubwa ya mfugaji ni chakula: pumba za mahindi, mashudu na dagaa. Mahindi yakipanda, yai nalo hupanda. Kwa upande wa wanunuzi, Mikumi ipo kwenye barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia, jirani na Hifadhi ya Taifa. Hoteli na wauza chipsi huhitaji mayai kila siku. Tuseme trei imenunuliwa Kilosa kwa Sh. 9,000, nauli ni Sh. 500, na yai moja limevunjika njiani. Atakayeiuza Mikumi kwa Sh. 9,000 amekula hasara.

Ongezeko la namna hii si haramu. Katika Hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Akakataa, akichelea kukutana na Allah huku kuna mtu anayemdai dhulma ya damu au mali. Ibn Taymiyyah (aliyefariki mwaka 728 Hijria) alifafanua kuwa bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, kuwalazimisha wauzaji bei maalumu ni dhulma. Lakini wakizuia kitu ambacho watu wanakihitaji, mtawala atawalazimisha kuuza kwa thamani ya mfano wake.

Yai huharibika, hivyo kulihodhi muda mrefu ni vigumu. Dhulma huweza kuingia kwingine: mchuuzi humwahi mama wa kijijini kabla hajafika sokoni, humwambia kuwa bei imeanguka, kisha hununua kwa bei ya kutupa. Hiyo ni talaqqi rukban, aliyoikataza Mtume (s.a.w.). Katika madhehebu ya Shafi, muuzaji akifika sokoni akakuta amepunjwa, ana khiyari ya kuvunja mauzo.

Basi muuzaji aulize bei ya soko kwa simu kabla ya kuuza, na mchuuzi akiulizwa aseme kweli. Faida ni halali. Kumpunja asiyejua bei si halali. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.