Tutakutania wapi?

Likirimba zetu za Mususa zikitaka kufanya mkutano mkuu pamoja, ulizo la kwanza ni la mahali. Hapa Butembo tuna sale za parokia, makanisa, madarasa ya shule siku ya posho baada ya masomo, kumbi za vyuo vikuu na sale za hoteli. Komite nyingi zinauliza bei tu. Lakini bei ya sale siyo gharama yote.

Tuhesabu. Tukichukua sale ya feza kidogo iliyo mbali, kila mama atalipa pikipiki kwenda na kurudi. Tena, sisi tuko karibu kabisa na ikweta: mwaka mzima jua linatua karibu na saa kumi na mbili za jioni. Kwa hali ya usalama tunayoijua, mama anayekaa pembeni ya mji anaondoka saa tisa. Kura juu ya feza inapigwa saa kumi, na wanaobaki ni majirani wa sale. Hapo sale ndiyo imetuamulia.

Mwaka 1985, Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake. Wajumbe wa serikali walikaa katika jumba kubwa la mikutano, lenye jina la Kenyatta. Wanawake wa mashirika, zaidi ya 10,000, walikutana kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. Pale uwanjani palisimamishwa hema la amani, na wanawake wa nchi zenye uhasama wakazungumza humo uso kwa uso. Hema lilitosha.

Basi, mbele ya kulipa, komite iende kutazama:

– Choo kiko karibu, na mlango unafungika?
– Maji ya kunawa yapo? Ebola ya 2018–2020 ilituzoeza ndoo mlangoni, isiondoke.
– Mvua ikipiga mabati, mama wa nyuma atasikia?
– Viti ni vya watu wazima? Dawati la mtoto linamchosha mzee na mwenye mimba.
– Kuna kona ya kunyonyesha?
– Bei imeandikwa kwenye karatasi, pamoja na saa ya kufungua na ya kufunga?

Kura ipigwe asubuhi, hotuba zifuate. Na kabla ya kuchagua sale, tumwulize kwanza mama anayekaa mbali kuliko wote: ukitoka pale, utafika nyumbani saa ngapi?